Aliyepanda Garini na Kuketi Naye

Tafakari ya wiki. Somo: Matendo ya Mitume 8:26–40



Yule mtu wa Kushi tunayemsoma juma hili hakuwa mbumbumbu. Luka anatuambia alikuwa msimamizi wa hazina yote ya Kandake, malkia wa Wakushi. Hesabu za ufalme mzima zilipita mikononi mwake, mapato na matumizi. Alikuwa na gari la kusafiria, na alikuwa na nafasi ya kwenda Yerusalemu kuabudu na kurudi. Alikuwa pia na kitabu cha nabii Isaya, mali ambayo wakati ule ni watu wachache mno walioweza kuwa nayo. Tena alikuwa anasoma kwa sauti, kwa bidii, huku gari likishuka barabara ya Gaza. Akili anayo, kitabu anacho, bidii anayo, na bado haelewi.

Nimekichagua kifungu hiki kwa sababu ya somo la Hisabati.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka, na kama ilivyo kila mwaka, wazazi wamefika ofisini kwangu simu mkononi. Mtoto ana C ya Kiswahili, C ya Historia, D ya Biolojia, na kwenye Hisabati kuna F. Kwa miaka mingi sasa, anayefaulu Hisabati katika mtihani huo wa taifa ni takriban mmoja kati ya wanne au watano. Nao wazazi huniambia neno lile lile, mara nyingi mtoto mwenyewe akiwa amekaa hapo anasikia: “Mchungaji, huyu kichwa chake si cha hesabu.” Ndugu zangu, naomba tuliache neno hilo. Tukilisema juu ya watoto watatu kati ya kila wanne nchi nzima, tunamsingizia Mungu kwamba amewaumba na upungufu. Watoto hao hao wanarudisha chenji dukani bila kukosea. Wanajua gunia la mahindi likigawanywa kwa debe litatoa madebe mangapi. Kuna mahali fulani njiani wamekwama, na hakuna aliyefika pale walipokwamia.

Turudi kwenye barabara ya Gaza. Angalieni alichofanya Filipo, mhubiri aliyemkuta yule mtu wa Kushi. Alipiga mbio hadi kwenye gari. Akasikiliza kwanza, akajua msomaji amefika wapi. Akauliza kama anaelewa anachokisoma, na swali hilo alimwuliza mtu mmoja, uso kwa uso, akangoja jibu. Yule mkuu, pamoja na cheo chake, akakiri kwamba bila wa kumwongoza hawezi, akamsihi apande aketi pamoja naye. Ndipo Filipo akaanza na andiko lile lile ambalo msomaji alikuwa amelifikia. Hakumrudisha hadi mwanzo wa Torati, wala hakumharakisha ili wamalize kitabu.

Sasa tuingie darasani. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia sekondari. Hilo ni la kumshukuru Mungu, na sitaki mtu afikiri nalilalamikia. Lakini walimu, wa Hisabati hasa, hawakuongezeka kwa kasi ya watoto. Kwa hiyo katika shule nyingi mwalimu mmoja anasimama mbele ya watoto 80 kwa kipindi cha dakika 40. Akizigawa dakika hizo sawasawa, kila mtoto anapata nusu dakika, na hapo bado hajaandika kitu ubaoni. Watoto wenyewe wamesoma hisabati kwa Kiswahili miaka saba, na sasa wanakutana nayo kwa Kiingereza. Mwalimu anaandika, wao wananakili. Anageuka, anauliza, “Tumeelewana?” Darasa zima linaitikia ndiyo kwa sauti moja. Kengele inalia, na mada inayofuata inangoja, kwa sababu silabasi lazima iishe kabla ya mtihani wa moko. Ile “ndiyo” ya pamoja imewafunika wote wasiojua. Simlaumu mwalimu. Filipo mwenyewe angeambiwa apande magari themanini kwa dakika arobaini, asingefika popote.

Ndiyo maana nataka tuizungumzie njia ambayo walimu wetu wawili, waumini wa usharika huu, wamekuwa wakiisoma na kuijaribu: ufundishaji mseto. Sehemu ya somo mtoto anaipata kwenye kompyuta au kishikwambi, kwa video fupi na mazoezi yanayosahihishwa papo hapo. Sehemu nyingine anaipata kwa mwalimu na kwa wenzake, ana kwa ana. Pande hizo mbili zinapangwa ziwe somo moja, kila upande ukijua mwingine umefanya nini. Baadhi yenu mmeniuliza kama kanisa lina neno la kusema juu ya jambo kama hili. Nadhani linalo.

Mwaka 2004 Salman Khan, aliyekuwa akifanya kazi ya masuala ya fedha mjini Boston, Marekani, alianza kumfundisha hisabati binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans. Msichana huyo alikuwa amekwama kwenye kubadili vipimo. Alimfundisha kwa mbali, kwa simu na kompyuta. Binamu wengine wakaongezeka, na mwaka 2006 Khan akaanza kuweka video zake YouTube ili wazitazame kwa wakati wao. Amesimulia hadharani kwamba binamu hao walimwambia wanampenda zaidi kwenye YouTube kuliko ana kwa ana. Kwenye video waliweza kumsimamisha na kumrudisha nyuma. Waliweza kusikiliza tena jambo ambalo walipaswa kuwa wamelijua miaka miwili iliyopita, bila mtu yeyote kujua kwamba hawalijui.

Kama mchungaji, hapo ndipo moyo wangu ulipotua. Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga. Lakini mtoto wa kidato cha tatu aliyesahau kujumlisha sehemu, jambo la shule ya msingi, hawezi kunyoosha mkono mbele ya wenzake themanini akauliza. Watamcheka. Nimewafahamu watoto wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni kila mwalimu anapoanza kuita watu ubaoni. Aibu hiyo ikikaa mwaka mmoja, miwili, inageuka kuwa imani. Mtoto anaanza kusema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba kichwa chake si cha hesabu. Video haimcheki mtu. Inarudia mara ya kumi kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Kwa mtoto aliyezoea kudharauliwa, uvumilivu huo, hata ukitoka kwenye mashine, ni rehema.

Lakini video haimwoni mtoto. Chukueni kosa moja ambalo kila mwalimu wa Hisabati hapa nchini analifahamu. Mtoto anapewa (a + b)², naye anaandika a² + b². Programu ya mazoezi itamwambia amekosa na itamwonyesha jibu sahihi, a² + 2ab + b². Atalikariri kwa ajili ya swali lile, na kesho akikutana na (x + 3)² ataandika x² + 9. Mwalimu akiketi naye, ataanza kwa kumwuliza, “Umelipataje?” Atasikiliza. Kisha atampa namba: weka 3 na 4. Tatu na nne ni saba, saba mara saba ni 49. Njia yako inatoa 9 na 16, jumla 25. Zile 24 zimekwenda wapi? Halafu wanachukua karatasi na kuchora mraba ambao kila upande wake ni 3 + 4, wanaukata kwa mistari miwili, na mtoto anaona vipande vinne: mraba wa 9, mraba wa 16, na mistatili miwili, kila mmoja una eneo la 12. Hizo ndizo 24 zake. Ile 2ab aliyokuwa akiiona kama uchawi wa walimu ni vipande viwili vya karatasi vilivyokuwa mezani muda wote. Anacheka peke yake. Kuanzia siku hiyo ukimwandikia (x + 3)² anatafuta kwanza ile mistatili miwili.

Mazungumzo hayo yanachukua dakika sita au saba. Katika kipindi cha chaki peke yake mwalimu hana dakika saba za mtoto mmoja, na hatazipata hata akiwa mtakatifu. Mseto ukipangwa vizuri unamrudishia. Darasa linagawanywa makundi: moja liko kwenye vishikwambi, likisikiliza maelezo ambayo mwalimu angeyarudia ubaoni kila mwaka, jingine linahangaika pamoja na maswali kwenye madaftari, jingine liko na mwalimu. Kisha wanabadilishana. Mazoezi ya kwenye kompyuta yanamwonyesha mwalimu nani amekosa wapi, kwa hiyo hakisii. Anawajua wanane waliokwama kwenye alama ya kutoa ndani ya mabano, anawaita hao wanane, anaketi nao.

Walimu wawili wa kemia wa shule ya sekondari ya Woodland Park, Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza mwaka 2007 kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi. Kazi hiyo iliwafikisha kwenye swali kubwa zaidi: saa ile ambayo mtoto yuko mbele yangu, itumike kwa kitu gani hasa? Wakaona kwamba mtoto anamhitaji mwalimu zaidi pale anapokwama na kazi mkononi kuliko pale anaposikiliza maelezo. Swali hilo lingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya walimu, na pia kwenye mlango wa ofisi ya mchungaji.

Nimesema mseto uliopangwa vizuri, kwa sababu vifaa peke yake vimekwisha kujaribiwa. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi za vijijini, karibu kila mtoto na yake. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walichunguza shule 319, na taarifa yao ya mwaka 2012 ilisema watoto walitumia kompyuta zaidi, lakini katika hisabati na lugha hawakupanda. Nawasihi mlikumbuke hilo kila mara mtu atakapokuja na harambee ya kununua vishikwambi bila mpango wa nani atakaa na watoto.

Lipo na jaribio la upande wa pili. Mwaka 2015 jijini Delhi, India, watoto wa darasa la sita hadi la tisa kutoka familia za kipato cha chini walipewa nafasi, kwa bahati nasibu, ya kwenda kwenye vituo vya masomo baada ya shule, siku sita kwa wiki, dakika 90 kila siku. Dakika 45 walikaa kwenye kompyuta yenye programu ya Mindspark, inayompima mtoto na kumwanzishia pale alipo. Dakika 45 nyingine walikaa na msaidizi wa kufundisha katika kikundi kidogo. Baada ya miezi minne na nusu, watafiti walioongozwa na Karthik Muralidharan waliwapima. Katika hisabati walikuwa wamepiga hatua zaidi ya maradufu kuliko wenzao ambao bahati nasibu haikuwaangukia.

Ila kilichonigusa mimi ni kile kipimo cha mwanzo kabisa, kabla hata ya kufundishwa. Mtoto wa darasa la tisa, kwa wastani, alikuwa nyuma ya darasa lake katika hisabati kwa karibu miaka minne na nusu. Anakaa mbele ya ubao wa darasa la tisa akiwa na hisabati ya darasa la nne au la tano, kila siku, mwaka mzima, kimya. Wale wa mkiani kabisa waliobaki na shule ya kawaida tu hawakuongeza karibu chochote. Wenzao wa mkiani waliokwenda kwenye vituo waliongeza kama walivyoongeza waliokuwa mbele. Tunahubiri kila mara juu ya mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja, na tunalia machozi. Basi hapa pana njia ambayo imefika kwa yule wa mwisho na kumkuta alipo. Kanisa lisipoifurahia, sijui tutafurahia nini.

Hata hivyo ipo namna moja ya mseto ninayoihofia kwa ajili ya watoto wetu, ile inayomwambia mtoto akatazame video nyumbani usiku ili aje darasani amejiandaa. Nyumba nyingi hapa zina simu janja moja, nayo iko mfukoni mwa baba. Bando likiwepo leo, kesho halipo. Shuleni kwenyewe mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Zaidi ya yote nawafikiria wasichana. Msichana anarudi nyumbani jioni, anateka maji, anapika, anaosha vyombo, anamlaza mdogo wake, wakati kaka yake waliyetoka naye shule moja yuko uwanjani. Ukiliweka somo la Hisabati kwenye saa hizo, umemtoa darasani taratibu bila kumfukuza. Tuliyaona haya mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi na wengi wasirudi hadi mwishoni mwa Juni. Masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni, na aliyeyapata ni yule aliyekuwa na umeme, na pia aliyeachiwa muda wa kukaa. Kwa ndugu zetu wa Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Sina uhakika kama tumekwisha kuwaombea vya kutosha watoto waliopotelea katika miezi ile.

Kwa hiyo, kwetu, sehemu ya kompyuta ifanyike mahali ambapo watoto wote wanafika, shuleni au hapa kanisani. Jambo hilo si geni wala si la mbali. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilikabidhiwa walimu. Baadhi yenu mnavyo nyumbani. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu, ina masomo ya sekondari yanayofuata mtaala wetu. Na kwa wanaoogopa intaneti (wazazi wengi mnaiogopa, na sababu mnazo), ipo programu ya Kolibri, ya bure, inayopakiwa masomo mara moja kwenye kompyuta moja kisha vifaa vingine vyote chumbani vinasoma kutoka hapo bila intaneti kabisa. Mtoto hawezi kutoka kwenye milinganyo akaangukia kwenye uchafu, kwa sababu hakuna njia ya kutokea.

Kwenu walimu nina neno fupi. Najua wapo wanaonong’ona kwamba kompyuta zinakuja kuchukua nafasi yenu. Someni mwisho wa kifungu. Baada ya Filipo kumbatiza yule mtu wa Kushi, Roho wa Bwana alimnyakua Filipo, na mtu yule hakumwona tena, naye akaenda zake akifurahi. Hakuvunjika moyo wala hakugeuza gari kumtafuta mwalimu. Alibaki na kitabu kile kile kilichomshinda mwanzo, ila sasa alikuwa na namna ya kukisoma. Kompyuta ile ya Peru ilikuwa ni kitabu bila Filipo. Kazi yenu ni kupanda, kuketi, na kumfikisha mtoto mahali ambapo anaweza kuendelea mwenyewe hata mkihamishwa kituo kesho. Hakuna mashine inayopiga mbio kulifuata gari.

Nasi tusiobobea tunayo sehemu yetu. Katika Nehemia sura ya 8, Ezra alisimama juu ya jukwaa la mbao akasoma torati, na umati wote ukamsikia. Lakini sauti moja kwa watu wote haikutosha, wala Ezra hakudhani inatosha. Walawi wakawaeleza watu maana, watu wakiwa mahali pao, hata wakafahamu yaliyosomwa. Majina ya waliofanya kazi hiyo yameandikwa moja moja. Huwa tunayaruka tunaposoma kwa sababu ni magumu kutamka, na mimi nadhani yaliandikwa ili tusiyaruke.

Baraza la wazee limekubali ukumbi wa usharika, ambao una sola na hukaa mtupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ufunguliwe kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja na nusu jioni, ili kila mmoja afike nyumbani kabla ya giza. Watoto wa dini na madhehebu yote wanakaribishwa, bila ada. Kompyuta tulizochangiwa na vijana wetu walioko mjini zimekwisha kuwekewa Kolibri. Wale walimu wetu wawili wataandaa mada kulingana na kinachofundishwa shuleni wiki hiyo, pamoja na mazoezi ya shule ya msingi kwa atakayehitaji kuanzia huko, na hatatangazwa mtu.

Tunachopungukiwa ni watu wa kuketi. Tunawahitaji walimu wastaafu, waliomaliza kidato cha sita na bado wako nyumbani, na wahasibu. Tunawahitaji mafundi seremala na waashi wanaojua kona ya mraba kwa mikono yao. Hata asiyekumbuka hisabati afike, kwa sababu wapo watoto wanaohitaji mtu mzima wa kuwauliza, “Umelipataje?” kisha anyamaze asikilize. Mwonane na katibu wa usharika baada ya ibada ya pili. Na wazazi wenye wasichana sekondari, nawaomba kwa heshima zote: Jumanne na Alhamisi maji yatekwe na wavulana, au na baba.